Hesabu ya Moshi Wetu

Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanafunzi wa Zamani, na mwanachama aliyesoma hapa kuanzia mwaka 1974 hadi 1977. Imechapishwa kama ilivyosemwa, isipokuwa utani uliotaja majina ya watu.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wa zamani wenzangu, na ninyi vijana mlioketi kule nyuma kwenye mabenchi ambayo baadhi yetu tuliyachonga majina tukachapwa:

 Niliombwa niseme kwa muda wa nusu saa juu ya namna mtu wa kawaida anavyoweza kupunguza hewa chafu anayoipeleka angani katika maisha yake ya kila siku. Nilipopata barua hiyo nilidhani wamekosea anwani. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 34, na tangu nistaafu nafuga kuku. Lakini Katibu alinijibu kwamba wataalamu wamekwisha kuja mara mbili na watu wakasinzia, na kwamba safari hii wanataka mtu anayejua kujumlisha na kutoa. Basi nitajumlisha na kutoa.

Jana jioni, baada ya chakula, nilikaa na vijana wa Kidato cha Tatu pale chini ya mwembe. Nilipowadokeza nitakayoyasema leo, mmoja wao akaniuliza, kwa adabu lakini bila kupepesa macho: "Babu, kwani sisi tumechafua nini? Wenye viwanda ni wao, wenye ndege ni wao, halafu sisi ndio tunaambiwa tupunguze." Nilimwambia kwamba swali lake ni zuri kuliko hotuba yangu, na kwamba nitalijibu mbele ya watu wote.

Kijana, una haki. Hewa ukaa, yaani ile gesi inayotoka kila kitu chenye kaboni kinapoungua, ndiyo inayolizingira joto la dunia kama blanketi. Ukichukua hewa ukaa yote inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ya nchi yetu kwa mwaka mmoja, ukaigawa kwa idadi yetu, kila Mtanzania anapata kama robo tani. Mmarekani mmoja anapata karibu tani 14. Wastani wa dunia nzima ni karibu tani 4.7. Hata neno lenyewe hili, nyayo za kaboni, maana yake jumla ya hewa ukaa ambayo mtu mmoja anaisababisha kwa kupika, kusafiri, kula na kuwasha taa, lilipigiwa debe sana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni kubwa ya mafuta, BP ya Uingereza. Muuza mafuta alimgeukia mnunuzi akamwuliza, "Je, ndugu, nyayo zako wewe zina ukubwa gani?" Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka mingi, na ujanja wa kumrudishia mteja lawama naujua nikiuona.

Kwa hiyo kama kusudi la hotuba hii lingekuwa kumfanya mkulima wa Kilosa aone haya kwa moto uliowashwa Amerika, ningeikataa barua ya Katibu.

Lakini mhasibu akipewa daftari, kitu cha kwanza anachotazama ni ukurasa uliochanwa. Ile robo tani inahesabu mafuta, gesi na makaa ya mawe tu. Kuni hazimo. Mkaa haumo. Na sisi, katika kila nyumba 10 za nchi hii, karibu 9 tumekuwa tukipika kwa kuni au mkaa. Ukurasa wetu ndio uliokosekana, na huo ndio ninaotaka tuusome leo.

Wazee wenzangu, mnakumbuka Jumamosi zetu. Kengele saa kumi na mbili, paredi, halafu kila mwanafunzi kamba mkononi, kupanda kilima cha nyuma ya Bweni la Tatu. Sheria ilikuwa mzigo mmoja kwa kichwa, na kiranja wa jikoni aliupima kwa macho. Aliyeleta vijiti alirudishwa. Mwaka 1974 tulikuwa tunaokota. Naomba vijana mlisikie neno hilo vizuri: tulikuwa tunaokota. Matawi makavu yalikuwa yamelala chini, na kabla ya saa tatu kila mtu alikuwa amerudi kufua nguo. Nilipofika Kidato cha Nne, mwaka 1977, tulikuwa tunakwenda na mapanga, tunavuka kilima tunaingia bonde la pili, na tunarudi saa sita mchana. Ni miaka mitatu tu. Hakuna aliyetuambia kwamba jambo limetokea, na sisi wenyewe hatukuliona. Tuliona tu kwamba Jumamosi zimekuwa ndefu.

Jana nilikipanda kilima kile, polepole, kwa fimbo. Nilihesabu miti mikubwa sita. Chemchemi iliyokuwa chini ya mwamba, ile tuliyokuwa tunainywea kwa mikono, sasa ni mahali penye unyevunyevu ambapo mbuzi wanaramba mawe. Sisemi kwamba kuni zetu peke yake zimeikausha. Mashamba yamepanda juu, watu wameongezeka, na mvua nazo hazitabiriki kama zamani. Lakini mizigo mingapi ilishuka kutoka kule? Wanafunzi 400, Jumamosi 35 kwa mwaka: mizigo 14,000. Kwa mwaka mmoja.

Na jikoni alikuwepo yule mpishi mkuu tuliyemwita Babu Moshi. Tulimcheka kwa macho yake mekundu. Tulidhani anakunywa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wengi wao wakiwa wenye maradhi ya moyo, kiharusi na mapafu. Babu Moshi alistaafu akiwa haoni vizuri, na sisi tuliokula ugali wake kwa miaka minne hatukwenda kumwuliza hali.

Sasa nije nyumbani kwangu, maana si vizuri kukagua daftari za wengine tu.

Mwaka 1996 nilikuwa naishi Dar es Salaam, na gari, na kazi ya ofisini yenye feni. Mama watoto alikuwa na daftari la matumizi ya nyumbani, na kwa kuwa nyumba ya mhasibu haitupi karatasi, daftari hilo ninalo mpaka leo. Tulikuwa tunatumia gunia moja la mkaa kwa mwezi. Tuseme gunia lina kilo 40, ingawa ninyi mnajua yale yenye kilemba juu. Magunia 12 ni kilo 480. Mtu ataniambia, kilo 480 ni kitu gani?

Hapo ndipo kuna siri. Mkaa haukatwi, unachomwa. Mchoma mkaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiacha iungue taratibu kwa siku kadhaa bila hewa ya kutosha. Katika tanuri la namna hiyo, kilo moja ya mkaa hutaka kilo 6 mpaka 10 za kuni, na zaidi ya nusu ya nguvu ya moto iliyokuwa ndani ya mti hupotelea porini kabla gunia halijafungwa. Tukichukua kilo 7 tu, zile kilo 480 zangu zilikuwa tani 3 na theluthi moja ya miti. Mti ulioungua bila mwingine kuota mahali pake umeitoa hewa ukaa yake moja kwa moja. Kwa hesabu ya tahadhari, jiko langu lilikuwa linatoa tani 4 mpaka 5 kwa mwaka.

Gari langu sasa. Lilikunywa lita 40 kwa wiki. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Fanyeni hesabu wenyewe: ni karibu tani 4.8 kwa mwaka. Yaani lile jiko la bati pale uani, lililokuwa linapikiwa maharage na msichana aliyekaa kwenye kigoda, lilikuwa sawa na gari zima linalozunguka Dar es Salaam. Na kila mwaka katika siku ya kupanda miti nilikuwa napigwa picha na mche mkononi! Kwa miaka sita nilipanda miti sita. Minne ililiwa na mbuzi.

Mabadiliko nyumbani kwetu hayakuanza na mimi. Yalianza na kikohozi cha mama watoto na bei ya gunia. Kwanza alinunua jiko banifu, lile lenye udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Majiko haya yalienea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lake walilichukua Thailand wakalirekebisha, na mafundi wa bati wakaanza kuyatengeneza na kuyauza sokoni. Jambo lenyewe ni jepesi: jiko la bati tupu linapasha joto uani, lile la udongo linarudisha joto kwenye sufuria. Katika mwaka wa kwanza magunia 12 yalishuka kuwa 8. Nimesema ninalo daftari.

Halafu akafanya mambo ambayo hayana gharama, na ambayo mama zetu wote waliyajua. Maharage yanalala majini usiku kucha, na yale maji yanamwagwa asubuhi. Maharage makavu yalikuwa yanachukua saa tatu. Yaliyolowekwa yanachukua nusu yake. Sufuria inafunikwa. Ninyi vijana mnacheka, lakini tembeeni mtaani mkahesabu sufuria zisizo na mfuniko. Wali ukikauka maji unapaliwa, makaa machache juu ya mfuniko na machache chini, unajiiva wenyewe. Vikishaiva vitu, makaa yaliyobaki yanatiwa kwenye kopo lenye mfuniko yafe kwa kukosa hewa, yatumike jioni. Kabla ya hapo tulikuwa tunayaacha yajifie jikoni huku hakuna kilichoinjikwa. Na vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama makande, akishachemsha vizuri anaiondoa sufuria motoni na kuipachika ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu na kufunikwa kwa mto. Ukirudi baada ya saa tatu makande yameiva, na hakuna moto uliowaka.

Baadaye ikaja gesi ya mtungi. Hapa wapo wanaopinga, nao hawakukosea kabisa: gesi hii inatokana na mafuta ya ardhini, na ikiungua kila kilo inatoa kama kilo 3 za hewa ukaa. Lakini tupige hesabu. Mtungi wa kilo 15 kwa mwezi ni kilo 45 za hewa ukaa, na kwa mwaka ni kilo 540. Linganisheni na zile tani 4 za mkaa. Ni kama sehemu moja ya nane, tena bila kikohozi. Mimi sitamzuia mtu kununua gesi eti anasubiri kitu kilicho safi zaidi.

Na hicho kilicho safi zaidi kipo. Miaka miwili iliyopita binti yetu alimletea mama yake sufuria ya presha ya umeme. Kwa miezi mitatu ilikaa kabatini kwa sababu ya hofu ya LUKU. Siku moja nikasoma mita, tukatia nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, yakaiva, nikasoma mita tena. Haikufika hata uniti moja. Uniti moja kwa mtumiaji wa kawaida haifiki shilingi 400. Mkaa wa kuivisha maharage yale yale kwetu ulikuwa unazidi hapo. Na umeme wetu wenyewe umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na mashine zote zikakamilika mwaka 2025. Umeme wa maji hauchomi kitu.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema mzee yule anadhani kila nyumba ina sufuria ya presha. Najua kwa nini watu wananunua mkaa, na si kwa ujinga. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja jioni anapata moto wa jioni hiyo. Mtungi unataka fedha yote mara moja, na anayelipwa kwa kutwa hana fedha yote mara moja. Ndiyo maana ninapenda zile mita za gesi zilizoanza katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, ambazo mtu analipia kidogo kidogo kwa simu. Aliyezibuni alielewa kopo la mkaa.

Wala sitaki mchoma mkaa ageuzwe mwizi. Misitu ya miombo ina tabia moja njema: mti ukikatwa vizuri, kisiki huchipua. Katika vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kilosa, katika mkoa wetu huu, ulianzishwa mradi mwanzoni mwa miaka ya 2010 ambapo kijiji kinatenga sehemu ndogo ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, kinaigawa viwanja kama ubao wa drafti, kinakata kimoja na kuacha cha jirani, na hakirudi kwenye kile kilichokatwa kwa zaidi ya miaka 20. Ushuru unabaki kijijini, na vijiji vimejengea madarasa na zahanati. Mkaa wa namna hiyo una deni dogo, kwa sababu mti mwingine unaota kuyanywa yale yaliyotoka. Ubaya ni kwamba gunia likishafika Dar es Salaam halina jina la msitu lilikotoka.

Katibu aliniandikia pia niseme juu ya magari, ndege, nyama na viyoyozi. Nitasema kwa haraka, kwa sababu wanaohusika ni wachache, ingawa wengi wao wamo humu bwaloni. Asubuhi nilihesabu magari 43 pale uwanjani, na mengi yalishusha mtu mmoja mmoja. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam kuja Morogoro tangu Juni 2024. Mimi nimekuja nayo, kisha nikapanda daladala, nimefika kabla ya Mwenyekiti. Wa umri wangu mnakumbuka miaka ile mafuta yalipokuwa haba, gari la binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali. Tulilalamika sana, na tukatembea kwa miguu, na tukafika. Ndugu yetu aliyesafiri kutoka London kwa ndege, karibu sana nyumbani. Safari yako ya kwenda na kurudi ni zaidi ya tani moja, kwa hiyo usiifanye kwa ajili ya harusi ya kila binamu. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 badala ya 18, dirisha likiwa limefungwa. Nyama sitaisema, kwa kuwa nimeshanusa kinachochomwa huko nje na sitaki kuonekana mnafiki saa saba.

Nirudi jikoni, kwa maana ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Ndugu Mwenyekiti, Serikali iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziwe zimeacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia Afrika uliofanyika Paris, na Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 mpaka 2034 unataka Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi ya kupikia mwishoni mwa kipindi hicho. Maneno haya ni mazuri na mimi nayaunga mkono.

Shuleni kwetu maneno hayo yalifika kwa sura ya mtungi mkubwa wa gesi. Ulifungwa, ukazinduliwa, picha iko ofisini. Gesi iliyokuja nao ilipika kwa wiki tano. Tangu hapo mtungi umesimama pale nyuma ya stoo ukiwa umepakwa rangi nzuri, kwa sababu fungu la chakula halina sehemu ya kununua gesi nyingine. Simlaumu Mkuu wa Shule, wala sitaki aseme neno hapa litakalomletea barua. Wanafunzi 620 lazima wale. Jana usiku niliomba ruhusa nikaingia jikoni. Mafiga ni yale yale. Lori moja la kuni linaingia kila baada ya wiki mbili, nalo linanunuliwa, maana kilimani hakuna tena. Mpishi wa sasa ni mama wa makamo. Nilipomsalimu aligeuka, na macho yake nikayatambua.

Mbele ya mkutano huu ipo hoja ya kutumia akiba yetu kujenga geti jipya lenye nembo ya shule, na makadirio yaliyoletwa ni shilingi milioni 38. Mimi pia napenda geti. La zamani linatia aibu. Lakini naomba kuleta hoja nyingine juu ya fedha hiyo hiyo, na nimeigawa kihasibu.

Sehemu kubwa ijenge majiko banifu ya taasisi, manne, ya matofali, yenye sufuria iliyozama ndani na bomba la moshi linalotoka juu ya paa. Majiko ya namna hii yakijengwa vizuri hupunguza kuni kwa nusu au zaidi. Najua, bado ni kuni, na agizo halijatimizwa. Lakini akiba inayopatikana kwa lori ambalo halikununuliwa ndiyo itakayoujaza mtungi, kwanza kwa uji wa asubuhi tu, kisha kwa chai, kisha kwa mchana. Nimeiweka kwenye karatasi: katika mwaka wa pili uji wote unapikwa kwa gesi bila kuomba mfadhili. Sehemu ya pili ichimbe shimo la biogesi. Mwalimu wa kilimo ana ng'ombe 11, na samadi yao kwa sasa inaoza bure na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kuzuia joto ni mbaya kuliko hewa ukaa yenyewe. Ikinaswa, inapika. Sehemu ya tatu, ndogo, inunue matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa la bwalo hili.

Mtauliza, maji yanahusiana nini na jiko? Nilimwuliza yule mama kwa nini maharage hayalowekwi. Akanijibu mambo mawili. La kwanza, yakilowekwa usiku yanaibwa. Hapo nilinyamaza, kwa sababu mwaka 1976 nilikuwa miongoni mwa wezi. La pili, kulowesha kilo 60 za maharage na kuyamwaga maji asubuhi kunataka maji ambayo bomba halina tangu chemchemi ikauke. Kwa hiyo yanapikwa makavu, yanakula kuni maradufu, kuni zinatoka kilima cha mbali zaidi, na huko nako bila shaka kuna chemchemi. Sijawahi kuona daftari la hasara lililofungwa vizuri namna hiyo.

Ninyi wanafunzi, sina fedha ya kuwagawia kazi, ila nina ombi. Mchagueni kiranja wa maharage, mwaminifu, mwenye ufunguo. Na anayependa hesabu aanze kesho kupima kuni kwa mizani kabla hazijaingia jikoni, kila siku, aandike. Tukijenga majiko bila kujua tulikuwa tunachoma kilo ngapi, mwakani kila mtu atasema lake. Mizani nimekuja nayo, iko kwa Mwalimu wa Zamu.

Kijana wa Kidato cha Tatu, sijasahau swali lako. Deni la Amerika ni la Amerika, na ukiwa mkubwa uende ukalidai, kwa lugha yao na kwa tarakimu zao. Mimi nimezungumzia hili ambalo tunalilipa sisi wenyewe, kwa macho ya mama yule na kwa chemchemi yetu, na ambalo hakuna mkutano wa nje utakaotulipia kwa sababu halimo hata kwenye daftari lao.

Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu Katibu anayo kwa maandishi, pamoja na makadirio ya mafundi wawili. Kura ni saa tisa. Asiyeziamini tarakimu zangu, kuanzia hapa bwaloni mpaka jikoni ni hatua 60. Aende akakae ndani dakika kumi. Mlango uko wazi, na moto unawaka tangu saa kumi ya alfajiri.